Kumpigia Mkwe Kelele

Maneno ya kazi yalikuwa sita tu, na kufika siku ya tatu nilikuwa nimeshayahifadhi yote. Matatu yalikuwa majina ya mawimbi. Bapa ni lile refu, pana, linalokuja taratibu na kukuchukua mpaka mchangani. Mtoro ni lile linaloumuka ukalidhania kitu, kisha likapita chini yako bila kuvunjika, likakuacha pale pale ukipiga maji bure. Kipofu ndilo la kuogopwa. Halichagui, huinuka ghafla juu ya mwamba na kujiangusha lote kwa mara moja, na aliye mbele yake hujikuta yeye na ubao wake na mawe wote mahali pamoja. Matatu mengine yalikuwa amri. Tulia, yaani usiende na hilo. Piga, yaani tupa miguu kwa nguvu zako zote, ndilo hilo. Na Achia, yaani sukuma ubao kando, ziba pumzi, zama.

Sita. Mtoto wa chuo cha Kurani angeyahifadhi kabla ya adhuhuri. Tabu yangu ilikuwa kwamba mtu niliyetakiwa kumpigia kelele maneno hayo alikuwa baba wa msichana niliyemposa, na jibu la posa lilikuwa bado liko kinywani mwake.

Wakati huo ni wa vita, vile vikubwa vya pili. Kusini kidogo ya Likoni palikuwa na kambi ya kupumzikia askari wa Kizungu. Wakiletwa wiki moja, mbili, wale, walale, wacheze baharini, kisha warudishwe walikotoka. Mchezo wao mkubwa ulikuwa wa kulala kifudifudi juu ya ubao mwembamba uliopinda kidogo mbele, na kuchukuliwa na wimbi mpaka pwani wakipiga mayowe. Watu wazima na ndevu zao! Nilipowaona mara ya kwanza nilidhani kuna anayezama.

Sasa, mtu aliyelala juu ya ubao ule anatazama pwani. Linalomjia nyuma halioni. Kwa hiyo husimamishwa mtu mwingine juu ya jabali, ndiye macho yake. Anayaona mawimbi yanavyopita mwamba, analitaja wimbi, anatoa amri, na aliye majini anatii hapo hapo bila kuuliza. Mkubwa wa kazi hiyo alikuwa mzee huyo niliyetaka kuwa mkwewe, mtu wa miaka hamsini hivi, kifua kipana, maneno machache. Wazungu walikuwa na maneno yao ya mchezo huo, marefu na mengi. Yeye akayapima, akaona yanachelewa kutoka mdomoni, akaweka haya yake sita. Hata askari wenyewe wakayashika. Ungemsikia kijana wa Kizungu, mwekundu mgongo mzima, akimpigia kelele mwenzake, "Achia! Achia!" kwa lafudhi ya kuchekesha, na mwenzake akazama.

Nami niliingiaje huko? Sisi ni watu wa jembe. Kwetu ni Mtongwe, mihogo na minazi, na bahari tulikuwa tukiiona kila siku kama unavyoiona nyumba ya jirani usiyemzoea. Kuogelea nilijua, lakini kule kwa kuokoa roho tu. Baba yangu na ami yangu walipokwenda kuniposea, mzee aliwapokea vizuri, akawapa kahawa na halua, kisha akasema, "Mimi sina neno baya juu ya kijana. Lakini simjui. Niachieni afanye kazi na mimi mwezi huu. Mwezi mwingine ukiandama, njooni mchukue jibu."

Baba alirudi nyumbani anacheka. Mimi nilianza kutoka jasho siku hiyo, na jasho lenyewe halikukauka mwezi mzima.

Mama ndiye aliyenimaliza. Alinikalisha barazani, akanisomea mimi sheria za kukaa na mkwe kama ananiandaa kwa hija. "Usimtazame usoni. Akisimama, usikae. Akikuita, mwitikie labeka. Usile mbele yake ukatafuna kwa sauti. Na sauti yako, mwanangu, wallahi nikisikia umeipaza mbele ya mtu yule, hata kama unaungua moto, usirudi hapa. Na ukiwa na la kumwambia, zito au jepesi, kwanza mtake radhi." Nikasema, naam mama. Kabla sijajua kazi yenyewe ni ipi, nilikuwa nimeshaahidi.

Kila siku, maji yakijaa na kabla ya askari kuingia, ilikuwa lazima mmoja wetu aijaribu bahari, mwingine asimame juani juu ya jabali. Sisi tulikuwa watatu: mzee, mimi, na kijana mwenzangu wa Kisauni, Mkristo, ambaye wazee wake walitoka upande wa Rabai. Huyu hakuwa na wasiwasi na kitu chochote. Mzee alipokuwa majini yeye alimpigia kelele kama anafukuza ng'ombe shambani. "Piga, mzee! Piga! Ah, mtoro huyo, tulia!" Mzee anatii, anatoka anacheka. Na mimi nikiwekwa juu ya jabali kumwangalia huyu mwenzangu majini, mbona mambo yalikwenda vizuri? Sauti ilitoka, maneno yalikuwa pale pale, hakuna aliyeumia. Lakini mzee akiingia majini yeye, maneno yanarefuka mdomoni.

Mara ya kwanza nilimwambia, "Baba, nadhani linakuja bapa, kama utapenda kupiga." Nilipofika kwenye kupiga, bapa lilikuwa limeshafika mchangani na kurudi. Mwenzangu alikaa chini kwa kicheko. "Wewe," akasema, "unaita wimbi au unasoma barua ya posa?"

Mara ya pili haikuwa ya kucheka. Nililiona kipofu linaumuka kushoto, dogo, na nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliye sebuleni kwa watu, "Baba, tafadhali, achia." Upepo wa kusi ukaichukua tafadhali yangu na kuipeleka Mtongwe. Wimbi likambiringisha, akatoka na goti linalovuja damu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuja mpaka chini ya jabali, akaniinulia uso, mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Maneno yako mazuri," akasema. "Umelelewa. Lakini unamwambia nani, mimi au maiti yangu?"

Akalifuta goti damu kwa kiganja.

"Baharini hakuna mkwe, kijana. Nikiwa mle ndani mimi ni kichwa na ubao. Ukiona, sema. Sema neno moja."

"Naam, baba."

"Na hiyo baba pia iache nchi kavu."

Nilirudi nyumbani siku hiyo sina hamu ya kula. Nikaenda nyuma ya shamba, nikasimama mbele ya mnazi mmoja mzee, mnene, nikaufanya ndio yeye. "Achia!" Nikatazama huku na huku. "Piga! Tulia! Achia!" Nikazidi kupaza, mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Ukinitazama ungesema huyu ana mambo. Na kweli, nilipogeuka nilimkuta mama amesimama na chetezo, ubani unafuka, midomo yake inasoma. Alidhani nimepandwa na shetani. Nilimweleza habari yote, kisha nikajuta kumweleza, maana aliweka chetezo chini na kusema, "Lo! Kwa hiyo unajifunza kumtukana." Kwa upande mmoja alikuwa sawa.

Siku zikaenda. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole siku zilizobaki za mwezi, na kila asubuhi nikifika kambini naomba mwenzangu awe hajaugua, awe hajatumwa, ili asimame yeye juu ya jabali mzee akiingia. Na hata hivyo, nilikuwa nikijifunza. Nilijua kumtambua kipofu kabla hajawa kipofu: maji mbele yake hunyonywa, mwamba huonekana weusi wake, na juu ya wimbi panakuwa na mstari ulionyooka, hauna pembe. Nililijua neno lake. Macho yalikuwa yameshakuwa ya kazi. Ulimi ndio uliokuwa bado wa Mtongwe.

Mwezi uliandama Jumatano magharibi, na tuliuona wote. Wazee wangu walitakiwa waende nyumbani kwa mzee kesho yake baada ya alasiri, kwa heshima, wachukue jibu. Lakini baba yangu ni mtu wa haraka. Asubuhi ya Alhamisi maji yamejaa, bahari imechafuka, mwenzangu ametumwa kivukoni kupokea mbao mpya, mzee ameshaingia majini na mimi niko peke yangu juu ya jabali na mkojo umenibana kwa hofu, nikasikia nyuma yangu "Hodi hodi!" Nikageuka. Baba, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, mkongojo wa siku ya Idi. Ami yangu nyuma yake amebeba viatu mkononi. Wamekuja moja kwa moja kazini.

"Shikamoo baba. Shikamoo ami."

"Marahaba. Mkweo yuko wapi?"

Nikamwonyesha kichwa majini. Baba akafunika macho kwa kiganja, akatazama, akashangaa. "Mtu mzima yule anacheza?" Kisha akakaa juu ya jiwe hatua tatu nyuma yangu, akaweka mkongojo katikati ya magoti, tayari kusubiri kwa adabu. Nilihisi macho yake mgongoni. Hakuna kitu duniani kilichonielemea kama macho yale. Baba yangu hakuwahi kunisikia nikipaza sauti mbele ya mtu mzima hata siku moja.

Likapita bapa. Nikasema, "Piga," kwa sauti ndogo, na mzee kwa bahati alikuwa amelihisi mwenyewe, akaenda nalo kidogo, akarudi nje. Likapita mtoro, sikusema kitu. Kisha maji mbele ya mwamba yakanyonywa. Nikauona weusi. Nikauona mstari juu ya wimbi, umenyooka, hauna pembe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa kipofu kubwa kuliko yote niliyoyaona mwezi ule, na mzee amelipa mgongo, anatazama pwani, ananingoja mimi.

Nilikuwa na nafasi ya pumzi mbili. Neno nilikuwa nalo, liko hapa, kwenye meno. Na nikafanya nini? Nikafanya nilivyofundishwa na mama. Nikapaza sauti, ndiyo, safari hii niliipaza, kuliko nilivyoupigia mnazi, lakini nilichopaza ni hiki: "Niwie radhi, baba!"

Na yeye, maskini, akageuka. Mtu wa Pwani, umri wake wote anaitwa baba na vijana na anaitika. Alisikia kijana anamtaka radhi, akaacha kupiga miguu, akanyanyua kichwa na kugeuka upande wangu anisikilize nataka nini.

"Achia!" nikalia. "Achia! Achia!"

Hapakuwa na mtu wa kuachia. Palikuwa na povu tu, na ubao unaruka juu peke yake kama ganda la mua. Nikarukia majini na nguo zangu. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tulivyotoka, mimi na ami yangu tumemshika huku na huku, na mkono wake wa kulia unaning'inia vibaya, bega limeshuka chini ya mahali pake. Ubao ulimpiga bega, mwamba ukamalizia.

Tukamlaza mchangani. Nikawa nalia, sikuona haya. Baba yangu alikuwa amesimama juu yangu, na unajua alichokuwa amekasirikia? Hakukasirikia bega. "Umemwamrisha mkweo!" akasema. "Mbele yangu! Umempigia makelele mzee wa watu kama punda! Inuka twende, tumeshaaibika. Mzee, tuwie radhi, posa yetu tunaiondoa."

Mzee alikuwa amefumba macho, meno yamekazana. Akayafumbua.

"Kelele zake hazikuniaibisha," akasema. "Heshima yake ndiyo iliyonivunja." Akavuta pumzi. "Kijana, uliliona?"

"Nililiona, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu halijafika mwambani."

"Na ulikuwa ukingoja nini?"

Nikamtazama usoni, mara yangu ya kwanza. "Nilikuwa nakutaka radhi."

Alilitazama bega lake. Mkongojo wa baba yangu ulikuwa umelala mchangani. Kisha mzee akamwambia baba, "Posa iacheni palepale. Mwezi mwingine mmoja. Lakini safari hii ataingia yeye, na mimi nitasimama juu."

Daktari wa kambi alimfunga mkono ule kifuani kwa vitambaa vyeupe. Ulipofunguliwa, haukurudi. Aliweza kuuinua mpaka usawa wa kitovu, basi. Kunywa maji alijifunza kwa mkono wa kushoto, naye ni mtu aliyekuwa akiona vibaya hata kupokea kitu kwa kushoto. Nikimwona anageuka upande watu wasimwone akinywa, nilitamani ardhi ipasuke.

Mwezi ule wa pili mimi ndiye niliyekuwa majini. Alinisimamia juu ya jabali na mkono wake umefungwa, na hapo ndipo nilipojifunza yale maneno sita kweli, maana sasa nilikuwa upande unaoyapokea. Ukilala juu ya ubao ule huna nyuma. Una mchanga mbele yako, mbali, na mngurumo nyuma ya kichwa usiojua ni wa nini. Ukisikia "Tulia!" unatulia, na unampenda aliyesema. Ukisikia "Achia!" mikono inaachia kabla akili haijauliza, na ukiwa chini, macho umefumba, unalisikia wimbi linapita juu yako kama gari moshi, bila kukugusa. Hakuniita mwanangu, hakuniita kijana. Alinipigia neno tupu. Sikuwahi kupewa kitu kikavu namna ile kikanifaa namna ile, na kila nilipotoka majini salama nilizidi kuona uchungu wa nilichomnyima.

Mwezi ukaandama tena. Baba alikwenda alasiri, nyumbani, kwa heshima, hakupitia kazini. Akarudi na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Mama alipiga vigelegele. Mimi niliingia chumbani nikakaa kitandani nikashika kichwa. Nilikuwa nimeogopa kunyimwa, sasa nikaogopa kupewa.

Nikahi ilikuwa Ijumaa baada ya sala, msikitini Likoni. Nilikalishwa kwenye mkeka nikimwelekea mzee, magoti kwa magoti. Mwalimu aliyekuwa akifungisha ndoa akatuambia tushikane mikono ya kulia. Hapo nikaona ambalo sikulifikiria siku zote za kushona kanzu na kunyoa nywele. Mkono ule haukuweza kuja. Wengine hunyanyua mikono kifuani, ikaonekana na msikiti mzima. Wetu ulibaki chini, mapajani mwake, nami nikainama kuufuata huko uliko. Vidole vyake vilikuwa baridi, havina nguvu. Watu walikuwa wakitazama. Baba yangu alikuwa akitazama. Mwalimu akamtamkisha, naye akasema kwa sauti nzito kwamba ameniozesha binti yake kwa mahari tuliyokubaliana.

Na mimi hapo ni kujibu mara moja, bila kuacha nafasi, "Nimekubali." Maneno mepesi. Nilikuwa nimeyahifadhi wiki mbili. Nikautazama mkono ule uliolala ndani ya wangu, nikawa tena yule wa juu ya jabali. Nilitaka kwanza kumtaka radhi. Midomo ilishafunguka. Wallahi, lililokuwa linakuja ni "Niwie radhi, baba."

Mzee aliuona mdomo wangu. Hakusubiri nianze. "Piga!" akasema.

Msikiti ukaguna. Mwalimu akanyanyua kidole, amekunja uso, akasema neno hilo halimo katika ndoa, kwa hiyo tuanze upya. Nyuma nikasikia kicheko cha mwenzangu wa Kisauni, aliyekuwa amesimama nje dirishani. Tukaanza upya. Nikapitisha mkono wangu wa kushoto chini ya kiwiko cha mzee, nikaubeba uzito wa mkono ule, nikauinua taratibu mpaka kifuani, mahali pake. Akatamka tena.

Nilijibu kabla hajafunga kinywa.